Kusafirisha Familia kwa Pointi za Kadi ya Mkopo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Viti Hadi Tiketi

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halitoki kwa mtu anayeanza. Linatoka kwa mzazi aliyelimbikiza pointi kwa miaka miwili, akaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege kutafuta viti vinne vya likizo ya watoto, akakuta viwili. Au hakukuta hata kimoja. Pointi anazo, safari hana, na anauliza amekosea wapi.

Kosa si uvivu wala bahati mbaya. Ni mpangilio. Msafiri wa peke yake anaweza kukusanya kwanza na kuamua baadaye, kwa sababu kiti kimoja hupatikana karibu kila wiki. Familia haina nafasi hiyo. Familia inaanza na viti, kisha inarudi nyuma hadi kwenye kadi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Taarifa za matumizi ya nyumba yako za miezi 3 iliyopita.
- Orodha ya wasafiri: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuzaliwa, na tarehe pasipoti zinapoisha.
- Kalenda ya shule na ya likizo za kazini.
- Akaunti ya benki inayoweza kulipa deni lote la kadi kila mwezi bila kuchelewa.
- Daftari au jedwali moja la kuandika pointi zote: ziko wapi, za nani, zinaisha lini.
- Miezi 12 hadi 18 mbele yako. Chini ya hapo inawezekana, ila machaguo yanapungua sana.

## Hatua ya 1: Hakikisha riba haitakula safari yako

Fanya hesabu hii kabla ya kuomba kadi yoyote. Tuseme umetumia dola 2,000 mwezi huu na kadi inakupa pointi moja kwa kila dola. Ukizitumia vizuri, kila pointi ikakupa senti 1.5, umepata thamani ya dola 30. Sasa tuseme hukulipa deni, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka. Mwezi mmoja tu wa riba ni kama dola 40.

Mwezi mmoja wa kuchelewa umemeza faida yote na kuvuka. Hakuna mbinu ya pointi inayoshinda hesabu hiyo.

Kwa hiyo weka malipo ya moja kwa moja ya deni lote, si ya kiwango cha chini. Hicho kiwango cha chini ndicho mtego wenyewe, kwa sababu hakuna anayekusumbua ukikilipa, huku riba inaendelea kupanda kwenye deni lililobaki.

Kama una deni la zamani la kadi, simama hapa ulimalize kwanza. Nasema hivi kwa nia njema kabisa: safari itasubiri, riba haisubiri.

## Hatua ya 2: Igeuze safari kuwa idadi ya viti

Andika sentensi moja: watu wangapi, kutoka mji gani hadi mji gani, mwezi gani, na siku ngapi za kusogeza mbele au nyuma. Sehemu ya mwisho ndiyo inayoamua. Familia inayoweza kusogea siku 4 kila upande ina nafasi kubwa kuliko yenye pointi mara mbili ila imefungwa na Jumamosi moja.

Kisha hesabu wanaohitaji kiti. Mtoto chini ya miaka 2 anaweza kupakatwa, mtoto mmoja kwa kila mtu mzima. Lakini akitimiza miaka 2 mkiwa safarini, atahitaji kiti chake wakati wa kurudi. Wengi hulikumbuka hilo wakiwa tayari ugenini.

Mtoto wa kupakatwa naye mara nyingi hasafiri bure. British Airways hutoza asilimia 10 ya pointi za mtu mzima. Aeroplan, programu ya pointi ya Air Canada, hutoza ada ndogo isiyobadilika. Mashirika mengine mengi, kwenye safari za kimataifa, hutoza asilimia 10 ya nauli ya fedha taslimu, na hapo ndipo pa kuangalia: mkiwa daraja la biashara, hiyo asilimia 10 inaweza kuwa fedha nyingi kuliko kodi zenu wote.

## Hatua ya 3: Chagua programu ya maili, kisha kadi

Watu huchagua kadi kwa tangazo lake. Wewe chagua kwa shirika litakalowafikisha.

Mashirika makubwa mengi yamo kwenye miungano mitatu: Star Alliance, oneworld na SkyTeam. Maili za shirika moja, yaani pointi za programu yake ya wasafiri, hununua viti kwenye ndege za wenzake. Kwa mfano, maili za Aeroplan zinaweza kukuweka kwenye ndege ya Lufthansa, Turkish Airlines, Ethiopian Airlines au United, kwa sababu wote wamo Star Alliance. Kwa hiyo swali si "shirika gani linaruka kwenda huko?" peke yake. Uliza pia, "ni programu zipi zinaweza kukata viti kwenye ndege hiyo, na kila moja inadai maili ngapi?" Kiti kilekile, ndege ileile, huuzwa kwa bei tofauti kulingana na programu unayopitia.

Angalia mambo matatu ambayo familia huyasikia zaidi kuliko msafiri mmoja:

Tozo za shirika. Tiketi ya pointi bado hudai kodi na tozo kwa fedha taslimu. Kodi za viwanja vya ndege na serikali huwezi kuzikwepa, lakini programu nyingine huongeza juu yake tozo ya shirika, ile iliyozoeleka kama tozo ya mafuta. Zidisha kwa watu watano uone. Aeroplan haipitishi tozo hiyo ya mashirika washirika. British Airways kwenye safari zake ndefu inajulikana kwa tozo nzito.

Punguzo la watoto. Programu nyingi zinadai pointi sawa kwa mtoto wa miaka 3 na baba yake. Flying Blue, ya Air France na KLM, hupunguza asilimia 25 kwa watoto wa miaka 2 hadi 11. Kodi nazo zina tofauti: mkiondoka Uingereza katika daraja la kawaida, watoto chini ya miaka 16 hawalipi kodi ya abiria wa ndege.

Akaunti ya familia. Hili nimelitengea hatua yake hapa chini.

Ukishajua programu, ndipo utafute kadi. Ziko aina mbili. Kadi ya shirika moja huweka maili moja kwa moja kwenye programu ya shirika hilo. Kadi ya benki yenye pointi za kuhamishika, kama za American Express katika nchi nyingi, au Chase, Citi na Capital One huko Marekani, hukuachia uamuzi wa kupeleka pointi kwa shirika lipi. Kwa familia ninapendelea za kuhamishika bila kusita. Viti vikikosekana kwa shirika la kwanza, unageukia la pili na pointi zilezile.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuandika: "Tunahitaji maili fulani za programu fulani, na kadi hii inazifikia."

## Hatua ya 4: Kusanyeni kwenye chungu kimoja

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe kimoja. Maili 18,000 za baba, 22,000 za mama na 9,000 za kila mtoto si utajiri. Ni mabaki manne ambayo hakuna lolote kati yake linaloweza kununua tiketi za familia nzima.

Fungueni akaunti za programu kwa kila mwanafamilia, watoto wakiwemo pale umri wao unaporuhusiwa, kisha ziunganisheni. Flying Blue, Emirates Skywards, Qatar Airways Privilege Club, Aeroplan na British Airways zote zina njia ya familia kuchanga pamoja bila malipo.

Soma masharti kabla ya kubonyeza. Akaunti ya kaya ya British Airways, kwa mfano, hukata pointi kutoka kwa kila mwanachama kwa uwiano wa alichonacho, na hukuwekea mipaka ya unayeweza kumkatia tiketi. Ukiwa na mpango wa kumkatia bibi au mjomba, hakikisha kwanza kwamba anaruhusiwa.

Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la tatu likikosekana au herufi ikizidi, tiketi inaweza kukataliwa, na tiketi za pointi kwa kawaida haziruhusu kubadilisha jina la abiria.

## Hatua ya 5: Pata zawadi ya kujiunga bila kuongeza matumizi

Sehemu kubwa ya pointi za familia haitokani na manunuzi ya kila siku. Inatokana na zawadi ya kujiunga, ambayo hutolewa ukitumia kiasi fulani ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi 3.

Rudi kwenye taarifa zako za miezi 3. Kama kawaida mnatumia 3,000 na kadi inadai 4,000, usijilazimishe. Subiri kipindi cha matumizi makubwa yasiyokwepeka: karo, bima ya mwaka, matengenezo ya gari. Ombeni kadi wiki chache kabla ya hapo.

Mambo yanayowakosesha watu zawadi hii:

1. Kuhesabu siku vibaya. Benki nyingi huanza kuhesabu siku ombi lilipokubaliwa, si siku kadi ilipofika mkononi. Uliza, uandikiwe tarehe ya mwisho.
2. Kuhesabu visivyohesabika. Ada ya mwaka, riba, kutoa fedha taslimu na kuhamisha deni kwa kawaida havimo. Kutoa fedha taslimu ni kubaya zaidi, maana riba huanza siku hiyohiyo.
3. Kurudisha bidhaa. Ukirudishiwa fedha, kiasi hicho hutolewa kwenye hesabu. Vuka lengo kwa ziada kidogo.

Mkiwa wanandoa, msiombe kadi siku moja. Mmoja aanze. Akimaliza lengo, amwalike mwenzake kwa kiungo cha mwaliko kama benki inacho. Benki nyingi humpa mwalikaji pointi, na mwalikwa anapata zawadi yake kamili. Kaya moja inapata mara tatu. Ukimwongeza mwenzako kama mwenye kadi ya ziada kwenye akaunti yako, hiyo ni rahisi, ila kwa kawaida haileti zawadi ya pili.

## Hatua ya 6: Manunuzi ya kila siku

Fupi tu. Tumia kadi pale inapokupa pointi za ziada, mara nyingi chakula, mafuta na usafiri. Usilipe kwa kadi pale muuzaji anapoongeza asilimia kwa anayelipa kwa kadi, isipokuwa asilimia hiyo ni ndogo kuliko thamani ya pointi. Ukiwa nje ya nchi angalia ada ya miamala ya kigeni, ambayo kwenye kadi nyingi hufika asilimia 3, na mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo.

Kila miezi 3 fungua daftari lako uangalie tarehe za kuisha. Maili za Flying Blue au American Airlines zinaweza kupotea akaunti ikilala miezi 24. KrisFlyer ya Singapore Airlines huisha baada ya miaka 3 hata ukiwa unasafiri. Za Delta na United haziishi.

## Hatua ya 7: Tafuta viti, hapa ndipo kazi ilipo

Kaa hapa kwa muda. Familia nyingi hushindwa kwenye skrini hii, na karibu kila mara ni kwa sababu ya kutafuta vibaya.

Anza na kiti kimoja. Ukitafuta viti vinne na ndege ina vitatu, skrini itakuambia hakuna kitu. Tafuta kimoja uone siku zipi zina uhai. Kisha viwili. Kisha idadi yenu yote. Hapo utajua kama tatizo ni siku au ni idadi.

Linganisha bei ya pamoja na ya mafungu. Mifumo mingi, kama viti viwili vipo kwa bei ya chini na vingine kwa bei ya juu, huwatoza wote wanne bei ya juu. Tafuta viwili peke yake. Vikiwa nafuu, kata viwili kwa viwili. Kila fungu liwe na mtu mzima na mtoto, kisha lipigie simu shirika liunganishe nafasi hizo mbili kwenye kumbukumbu zake.

Tafuta kwenda na kurudi kando kando. Mashirika hufungua viti kati ya siku 330 na 360 hivi kabla ya safari: British Airways siku 355, American Airlines na Delta siku 331. Siku ya kwenda inapofunguka, siku ya kurudi bado imefungwa. Anayesubiri zote mbili zifunguke hukuta za kwenda zimekwisha. Kata ya kwenda, weka ukumbusho, kata ya kurudi siku yake ikifika, ikiwa programu yenu inauza tiketi za upande mmoja bila kuongeza bei. Nyingi huuza hivyo siku hizi.

Tazama dirisha la pili. Viti vingine hutolewa wiki 2 au 3 kabla ya safari, shirika linapoona havitauzika. Hilo ni zuri kwa wawili wasio na watoto wa shule. Kwa watu watano usilitegemee kamwe.

Vunja njia. Miji miwili mikubwa ikikosa viti, jaribu kiwanja cha ndege cha jirani ambacho basi au treni inakifikia. Safari ya saa 3 kwa treni yaweza kuokoa tiketi nzima ya watu watano.

Kama ndege ni ya shirika mshirika, thibitisha kiti kwa njia mbili kabla ya kuamini: tovuti ya programu utakayotumia, na tovuti ya mshirika mwingine. Wakati mwingine skrini huonyesha kiti kilichokwisha chukuliwa, na utakijua tu mfumo utakapokukatalia mwishoni.

## Hatua ya 8: Pima kama inafaa

Chukua bei ya fedha taslimu ya tiketi zote. Toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi. Gawanya kwa pointi.

Mfano: tiketi nne ni dola 3,200, kodi ni 480, pointi ni 160,000. 3,200 kutoa 480 ni 2,720. Gawanya kwa 160,000, unapata senti 1.7 kwa pointi.

Sasa linganisha na njia nyingine ya kutumia pointi hizo. Huko Marekani, pointi ya American Express ukiitumia kufuta deni la kadi hukupa senti 0.6. Vyombo vya nyumbani vya kwenye katalogi mara nyingi havina thamani kubwa kuliko hapo. Senti 1.7 ni nzuri. Ikishuka chini ya senti 1, lipa fedha na uzitunze pointi.

Lakini linganisha na tiketi ambayo mngeinunua kweli. Daraja la biashara huonyesha senti 5 au 6 kwa pointi, na takwimu hiyo imewalevya wengi. Kama msingelipa bei ile kamwe, hamkuokoa fedha zile. Kwa familia, mara nyingi viti vitano vya kawaida vina maana kuliko viwili vya kulala.

## Hatua ya 9: Hamisha na ukate, kwa mpangilio huu

Pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege, hazirudi. Niliwahi kuhamisha pointi zetu zote usiku kwa sababu shirika lilikuwa linaongeza asilimia fulani juu ya kila uhamisho. Asubuhi sikukuta viti vya watoto. Maili zile zilikaa zaidi ya mwaka mzima, na katikati shirika likapandisha bei zake. Wanangu waliuliza kila mwezi. Tangu hapo sijahamisha hata pointi 1 kabla ya kuona viti.

1. Ingia kwenye akaunti, chagua viti vyote, fika hadi ukurasa wa malipo. Piga picha ya skrini.
2. Uliza kwa simu kama shirika linaweza kukushikia viti kwa siku moja au mbili. Baadhi hukubali.
3. Angalia uhamisho wako unachukua muda gani. Mwingine ni dakika, mwingine ni siku kadhaa. Ukiwa wa siku kadhaa na viti havishikiliwi, andaa siku mbadala kabla ya kubonyeza.
4. Jina la mwenye kadi na la mwenye akaunti ya maili kwa kawaida lazima yafanane.
5. Hamisha kiasi kinachohitajika tu.
6. Kata tiketi mara maili zinapoingia. Lipa kodi kwa kadi yenye bima ya safari, baada ya kusoma kama bima hiyo inagusa tiketi za pointi.

Barua pepe inayosema "nafasi imethibitishwa" bado si tiketi. Tafuta namba ya tiketi yenye tarakimu 13 kwa kila msafiri, mtoto wa kupakatwa akiwemo. Isipoonekana ndani ya saa 24, piga simu.

## Hatua ya 10: Baada ya kukata

Ukikata kupitia mshirika, utakuwa na namba mbili za nafasi: ya programu uliyotumia na ya shirika linaloruka. Omba hiyo ya pili. Ndiyo itakayokuruhusu kuchagua viti vya kukaa pamoja, kuomba kitanda cha mtoto mchanga na chakula cha watoto. Fanya siku hiyohiyo, kwani vitanda hivyo ni vichache.

Mzazi mmoja akisafiri na watoto bila mwenzake, andaa barua ya idhini. Nchi nyingi huiulizia mpakani.

Kuhusu hoteli, nitasema moja. Kabla ya kutumia pointi soma idadi ya watu wanaoruhusiwa chumbani, kwa sababu vyumba vya pointi mara nyingi ni vya kawaida, na vyumba viwili ni pointi mara mbili. Marriott, ukikata usiku 5 mfululizo kwa pointi, hukulipisha 4. Hilton hufanya hivyo kwa wanachama wenye hadhi ya Silver kwenda juu. Panga usiku wako kwa kufuata hilo.

Mwisho, rudi kuangalia bei ya tiketi zako kila baada ya wiki 2. American Airlines na United hurudisha maili bila ada ukifuta tiketi kabla ya safari. Bei ikishuka, kata upya kwanza ikiwa maili za akiba zinatosha, hakikisha namba mpya ya tarakimu 13 imetoka, ndipo ufute ya zamani.